Siku Ile Bikila Alisimama: Maneno Yangu kwa Wakimbiaji wa Kigoma Ujiji

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi kwenye mkutano wetu wa wakimbiaji pale Mwanga. Wengi mlikuwa safarini, wengine kazini, na wawili watatu mlikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, na hata waliohudhuria hawakuziona zote maana umeme ulikatika mapema.

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Vijana wangu, mambo?

Itifaki naomba tuihesabu imezingatiwa, kwa sababu nikianza kumtaja mmoja mmoja chai itapoa na akina mama waliopika mihogo watanilaumu. Nawashukuru nyote mliofika. Nawashukuru zaidi mliokuja kwa miguu kutoka Ujiji.

Mimi mnanifahamu. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kipindi changu kilikuwa michezo. Mimi si daktari. Nikigusa mambo ya mwili nitasema yale yanayojulikana na wengi, na mwenye tatizo lake aende kwa wenye taaluma. Nimeombwa nizungumzie maendeleo ya mazoezi yetu. Nitayazungumzia, lakini nataka tuanzie pale ambapo huwa hatupendi kuanzia.

Niwaulize. Wiki hii iliyopita, kwenye kundi letu la simu, nani ametuma picha ya kilomita alizokimbia? Nyosheni mikono. Naam. Mikono mingi, mashaallah. Shusheni. Sasa nani kati yenu ana mahali panapomuuma na hajapaandika kule?

(Kimya. Halafu vicheko.)

Mmeona wenyewe? Mkono mmoja umepanda nusu, ukaishia kukuna kichwa.

Hilo ndilo jambo langu la leo, ndugu zangu. Kilomita tunazitangaza na maumivu tunayaficha. Mtu akikimbia kumi, tunajua kabla hajavua raba. Mtu akiumia goti, tunakuja kujua baada ya mwezi, na tunajua kwa kumkosa.

Kuna kijana mmoja hapa kwetu, fundi seremala, ameniruhusu nisimulie habari zake ilimradi nisimtaje jina. Alijiunga nasi mwanzoni mwa kiangazi. Alianza vizuri, anakimbia kidogo, anatembea, anakimbia tena. Pumzi ikafunguka. Ikafika siku akapanda kutoka stesheni mpaka huku Mwanga bila kusimama, na nyote mnakijua kilima kile. Basi akanogewa. Siku ya mapumziko naye anakimbia. Ugoko ukaanza kumuuma kwa upande wa ndani. Akitoka nyumbani unauma, akishapata joto unaacha, anamaliza, anatuma picha, na sisi tunamjibu: umetisha, moto chini, baba lao! Jioni yuko karakana anapiga randa, mguu unapwita. Hakusema.

Siku moja akaandika kwamba amebanwa na kazi. Tukamjibu pole na majukumu. Yakaishia hapo. Wiki zikapita, hakuna aliyeuliza. Nikaja kumwona mwenyewe sokoni Mwanga, anashuka ngazi za duka upande upande, mkono ukutani, anatanguliza mguu mmoja ngazi zote. Nikamwuliza, mwanangu, hiyo ndiyo kazi iliyokubana? Akacheka kidogo. Akasema, “Mwalimu, niliona aibu.”

Aibu ya nini, jamani? Aliiba? Alimtukana mtu? Ameumia mguu.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Mtu akianza kukimbia, pumzi huja haraka. Moyo na mapafu ndani ya wiki chache huwa vimeshaanza kuzoea. Mifupa na kano haviendi kwa mwendo huo, vinataka miezi. Kwa hiyo kuna kipindi cha hatari, na kipindi hicho ndicho kitamu kuliko vyote: unajisikia mzima, pumzi unayo, kilima unakipanda, na mifupa bado haijajua kama umeanza kukimbia. Hapo ndipo wengi wetu tunaumia. Tunaumia tukiwa na furaha. Mtasikia watu wakisema usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Kanuni hiyo si msahafu, kuna miili inayovumilia zaidi na kuna inayovumilia pungufu, lakini inamzuia mtu asiruke kutoka kilomita kumi kwa wiki mpaka thelathini kwa sababu tu ameona picha ya jirani yake.

Sasa huo ugoko. Leo ukifika nyumbani, weka mguu juu ya kiti. Pitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa ugoko, anzia juu ya kifundo, panda kuelekea goti. Maumivu yakiwa yametapakaa sehemu ndefu, kama urefu wa kiganja hivi au zaidi, aghalabu mguu umezidiwa na mazoezi. Punguza, pumzika, mara nyingi hutulia. Lakini yakiwa mahali pamoja, mahali unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, ukipagusa unaruka, na usiku umelala bado panauma, huenda mfupa umeingia ufa. Hapo hakuna kukimbia hata hatua moja. Nenda hospitali. Na mjue kwamba eksirei ya siku za mwanzo inaweza kutoka safi kabisa na ufa ukawepo. Ufa mdogo huchukua wiki mbili tatu kuonekana. Kwa hiyo usiitoe picha ile kwenye bahasha na kutuambia “daktari kasema mzima” wakati unachechemea. Rudi tena.

Kisigino kinachouma hatua za kwanza ukitoka kitandani, goti linalouma ukishuka mlima au ukikaa sana kwenye kiti, hayo nayo yana dalili zake na tiba zake, na sitayamaliza leo. Ninachotaka ni kwamba uyaseme.

Najua mtakachoniambia. Mtaniambia habari ya John Stephen Akhwari. Kila nikimwambia mtu apumzike, ananitajia Akhwari. Basi twende kwa Akhwari, twende naye mpaka mwisho, maana hadithi hii huwa tunaisimulia nusu.

Mexico City, Oktoba 1968, Michezo ya Olimpiki. Mbio za marathoni, mji uko juu mno, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Mtanzania wetu kutoka Mbulu yupo ndani. Hewa ile nyepesi inamtesa, misuli inambana. Kwenye kilomita ya 19 hivi wakimbiaji wanasukumana kutafuta nafasi, anaanguka. Goti linateguka, bega linaumia. Wanamfunga bandeji. Anainuka. Anakimbia, anatembea, anachechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia anamaliza wa kwanza kwa saa 2 na dakika 20. Medali zinatolewa, watu wanaondoka, giza linaingia. Akhwari anaingia uwanjani akiwa ametumia saa 3 na dakika 25, wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kumaliza.

Nani hapa hajawahi kusikia maneno hayo? Nimewafundishia watoto miaka na miaka, na nikiyasema hata leo mwili unanisisimka.

Sasa niwaulize swali jingine. Walioanza mbio zile walikuwa zaidi ya 70. Waliobaki njiani walikuwa akina nani?

Mmoja wao alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia. Ndiyo, Bikila yule yule. Bikila aliyeshinda marathoni ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 akiwa peku. Bikila aliyeshinda tena Tokyo mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na akavunja rekodi ya dunia. Mnaweza kumwambia mtu huyo hana moyo? Mnaweza kumwambia ajikaze? Alikwenda Mexico na mguu uliokuwa umeshaumia, mfupa ukiwa na ufa. Akakimbia mpaka karibu na kilomita ya 17, akasimama. Akatoka barabarani. Mwenzake wa Ethiopia, Mamo Wolde, akaendelea na akaileta medali ya dhahabu nyumbani.

Siku moja, barabara moja, Waafrika wawili wameumia. Mmoja kaendelea, mmoja kasimama. Tukamchukua mmoja tukamweka kwenye vitabu vya shule, yule wa pili hatumsimulii. Na bado Bikila ni Bikila.

Mimi simwondolei Akhwari heshima yake hata chembe. Ile ilikuwa Olimpiki, fursa ambayo pengine mtu haipati mara mbili, bendera ya nchi changa kifuani. Lakini wewe, ndugu yangu, Jumanne alfajiri barabara ya Bangwe, bendera ya nani iko kifuani? Nani amekutuma maili 5,000? Umetoka Katubuka! (Vicheko.) Ukisimama, utapanda bodaboda utarudi nyumbani, utaoga, utakwenda kazini, na Jumanne ijayo barabara itakuwa pale pale.

Na kipande kingine cha Akhwari ambacho hatukisimulii ni hiki. Baada ya Mexico goti lilipona. Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akakimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 15, akawa wa tano. Wa tano! Huyo ndiye ningependa vijana wamjue pia, aliyepona akarudi akakimbia vizuri kuliko watu wengi duniani.

Tena kuhusu kujikaza. Kuna wenzetu wanapitia duka la dawa, wananunua vidonge vya kutuliza maumivu, diklofenaki, wanameza kimoja kabla ya mazoezi “ili mguu usisumbue”. Mguu unakuambia simama, wewe unaufunga mdomo. Ukimaliza kukimbia jeraha limeongezeka, na wewe hukusikia. Halafu vidonge vya jamii ile ukivimeza tumbo tupu, umetoka jasho, maji hujanywa, vinaumiza tumbo na vinaumiza figo. Tuache. Na homa, wenzangu, homa hapa kwetu haichezewi. Ukiamka una homa, kapime malaria, raba ziache mlangoni. Wanaosema “homa nitaitolea jasho” wanaweza kuutia moyo wao matatani, na simaanishi moyo wa ujasiri.

Mtu wa Kigoma hapaswi kufundishwa kupumzika na mtu wa mbali. Tunaishi na wavuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi inavutwa ufukweni. Nendeni Kibirizi au Katonga siku hizo mkaone. Nyavu zinashonwa, injini zinafunguliwa, watu wanalala. Umewahi kumsikia mtu akimwita mvuvi mvivu kwa sababu mwezi umejaa? Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lenyewe lilipumzishwa, miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nchi zote zinazolizunguka zilikubaliana, ili samaki wazaliane. Ilikuwa shida, sitasema uongo, kuna familia hapa zilikula ugali kwa mboga za majani msimu mzima na zingine bado zina madeni ya wakati ule. Lakini hakuna aliyesema ziwa limekata tamaa ya kuwa ziwa. Sasa wewe ugoko wako unaunyima siku mbili?

Niingie kwenye mwendo. Hapa nitakuwa mfupi, maana wengi mmeshanisikia nikipiga kelele juu ya hili barabarani.

Nani alikimbia mchakamchaka shuleni? Wote! Mnakumbuka tulivyokuwa tunakwenda? Mistari miwili, kiongozi pembeni anatoa wimbo, wengine tunaitikia, miguu inapiga chini pamoja. Mimi nilipokuwa mwalimu wa zamu nilikuwa sihitaji saa. Nilikuwa nasikiliza kiitikio. Kikianza kupwaya nyuma, najua waliotangulia wamezidisha, nawapunguza. Tuliimba huku tunakimbia, na kwa sababu tuliimba, hatukuweza kukimbia kwa kasi ya kuumizana. Leo wataalamu wa mazoezi wanasema mbio zako nyingi za wiki ziwe za mwendo unaokuwezesha kuongea sentensi nzima. Sisi tulikuwa na kwaya nzima!

Kwa hiyo wageni, mnaoanza leo, msiwe na haraka. Mmarekani mmoja, Josh Clark, mwaka 1996 alitengeneza ratiba ya kumtoa mtu kwenye kochi mpaka kilomita tano kwa wiki tisa, siku tatu tu kwa wiki. Mnajua wiki ya kwanza inataka nini? Ukishatembea dakika tano za kupasha mwili, unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo kwa dakika 20. Sekunde 60! Kuna kijana hapa nilimwambia hivyo akaniangalia kama nimemvunjia heshima. Watu wengi mno duniani wamepita njia hiyo, na wengi wao walikuwa hawajakimbia tangu shuleni.

Kuhusu raba, neno moja. Wengi tunanunua mitumba, na sioni ubaya. Lakini ukishika raba pale sokoni usiishie kuangalia rangi na nembo. Iweke juu ya meza tambarare, inama, itazame kwa nyuma, usawa wa kisigino. Ikiwa imelalia upande mmoja, imeshakunjwa na mguu wa mwenzako huko ilikotoka, na itataka mguu wako uifuate. Kisha bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kavu, imejaa mikunjo mikunjo, hiyo ni ya kuendea sokoni. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Sasa nije kwa walio nyuma, na hapa ndipo penye moyo wangu.

Mwaka 2004 kule London kulikuwa na mkimbiaji mmoja, Paul Sinton-Hewitt, ameumia na hawezi kukimbia. Angeweza kufanya kama sisi, kuandika “nimebanwa na kazi” na kupotea. Hakufanya hivyo. Aliwaita wenzake Jumamosi moja, tarehe 2 Oktoba, kwenye bustani inayoitwa Bushy Park. Walikuja wakimbiaji 13. Wakakimbia kilomita tano, na wenzake wachache wakasaidia kuwapimia muda, kisha wakaenda kunywa kahawa pamoja. Jumamosi iliyofuata wakarudi. Mpaka leo jambo lile linaitwa parkrun, linafanyika kila Jumamosi katika nchi zaidi ya 20, bure, na watu wanaojitolea ndio wanaoliendesha. Lilianzishwa na majeruhi. Mwenye mguu mbovu ndiye aliyelianzisha, kwa sababu alikuwa anawataka wenzake kuliko alivyokuwa anazitaka kilomita.

Na wana jambo jingine nililolipenda. Kila Jumamosi kuna mtu aliyepangwa kuwa wa mwisho. Kazi yake ni hiyo, kutembea nyuma ya wote, ili mwingine yeyote asiwe wa mwisho. Sisi nasi tutakuwa na mfunga mkia. Kwa zamu. Na wenye kasi ndio mtakaoanza, nawaona mnavyotazamana.

Kwa nini? Nitawaambia kwa nini. Kuna mama mmoja, muuza dagaa, alikuja kwetu mara moja hakurudi. Nilipomfuata akaniambia, “Mwalimu, mliniacha peke yangu gizani, pikipiki zinanipita, sijui mmeelekea wapi.” Tulimwacha. Wakati sisi tunapiga picha ya pamoja mwisho wa safari, yeye alikuwa bado yuko nyuma anawatafuta watu aliokuja nao. Halafu tunaandika kwenye kundi kwamba sisi ni familia.

Na giza letu, wenzangu, ni la kweli. Tanzania nzima inatumia saa ile ile, lakini sisi tuko magharibi mno, jua hutufikia takribani dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Wenzetu wa Dar wakikuambia wanaanza saa 12 kamili, wao wameshaanza kuonana sura. Wewe hapa saa 12 kamili bado ni usiku. Tusiige saa za watu. Nashauri tuanze saa 12:40, na anayeweza jioni akimbie jioni, maana jua hilo hilo linalotuchelewea asubuhi linatungoja mpaka karibu saa 1 usiku. Vaeni nguo nyeupe. Kimbieni upande wa kulia, magari na bodaboda zikija mzione uso kwa uso. Na wenye kuziba masikio yote mawili kwa muziki, mtanisamehe, lakini bodaboda ya Kigoma haipigi honi mara mbili.

Niseme pia na dada zangu. Wako wanaokimbia Ujiji na dera na mtandio, raba chini, na kila kona kuna kibaraza chenye maneno yake. “Huyo anamkimbia nani?” “Mume hajui?” Tumezoea. Mwaka 1967 kule Boston, Marekani, Kathrine Switzer alikimbia marathoni akiwa na namba kifuani, na ofisa mmoja wa mbio akamrukia barabarani amnyang'anye namba ile, kwa kuwa ni mwanamke. Huko ndiko kwenye vyuo vikubwa! Olimpiki yenyewe haikuwa na marathoni ya wanawake mpaka Los Angeles mwaka 1984. Na mwaka 2023 Mtanzania wetu, Magdalena Shauri, alimaliza wa tatu kwenye marathoni ya Berlin kwa saa 2 na dakika 18. Kwa hiyo kibaraza kikiwauliza mnamkimbia nani, waambieni mnamkimbilia Magdalena. Sidiria ya mazoezi ni kifaa kama raba, tusione haya kuisema mbele ya waume zetu, inunuliwe kwenye bajeti ya nyumba. Nanyi kaka zangu, dada akikimbia mbele yako, kimbia. Usimpigie mluzi.

Sasa maendeleo, kama nilivyoombwa. Najua kuna mliochoka. Mmekimbia tangu mwaka jana, muda wenu haushuki, mnaona wenzenu wanapaa. Tumtazame Alphonce Simbu, Mtanzania wetu wa marathoni. Olimpiki ya Rio 2016 alikuwa wa tano. London 2017, mashindano ya dunia, shaba. Tukashangilia, tukasema mwaka ujao dhahabu. Mwaka ujao haukuwa na dhahabu. Wala uliofuata. Ilipita miaka minane toka ile shaba, na mwaka 2025 kule Tokyo aliingia uwanjani bega kwa bega na Mjerumani Amanal Petros, wakarushia vifua mstarini pamoja. Wote walipewa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha iamue. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Tanzania ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia kwenye riadha.

Mimi siwaambii mtakuwa Simbu. Wengi wetu hapa tuna vitambi na tuna ada za watoto. Ninachowauliza ni hiki: ile miaka katikati, Simbu alikuwa anaandika nini kwenye kundi lake? Hakuna anayepaa kila wiki. Zipo wiki za kupanda, zipo wiki za kukaa pale pale, zipo wiki za kulala chini na mguu ukutani. Zote ziandikwe.

Kwa hiyo naomba tukubaliane. Kila Jumapili jioni, kila mmoja wetu aandike mambo matatu kwenye kundi. Umekimbia nini wiki hii. Nini kinakuuma. Wiki ijayo unataka kufanya nini. Asiye na kinachomuuma aandike “sina kinachouma”, asiruke, kwa sababu akiruka hatutajua kama ni mzima au anaficha. Na mtu akiandika ameumia, marufuku kumjibu “jikaze”. Marufuku pia kumjibu pole moja halafu basi. Aliye jirani naye amfuate nyumbani, amwulize ameona daktari au bado, na Jumamosi amlete hapa kwa bodaboda akashike maji, akashike saa, akashike mabegi. Mguu ndio ulioumia. Mikono anayo, na mdomo anao.

Fundi wetu seremala amekubali kushika saa Jumamosi ijayo. Yuko pale, mpigieni makofi. (Makofi.) Daktari amemwambia atembee kwanza, na mimi nimemwambia nikimwona anakimbia kabla ya ruhusa nitamchapa, uzee wangu huu huu.

Tunaanzia stesheni, saa 12:40. Wenye kasi mtapanda kilima mnigeukie mnisubiri juu, maana mfunga mkia wa kwanza nitakuwa mimi, hiyo zamu yenu inaanza Jumamosi ya pili. Mama yule wa dagaa ameahidi kuja, na nitakuwa naye bega kwa bega tukipiga soga. Jumapili jioni nangoja ripoti.

Maswali sasa, kabla ya mihogo. Mzee wangu pale nyuma, karibu. Lakini tafadhali, usiniulize habari za kisigino cha jirani yako. Nimekuona ulivyoingia. Uliza cha kwako.